Kisima Kabla ya Jeneza
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa mwaka)



Naishukuru Halmashauri kwa heshima iliyonipa ya kusema mbele ya mkutano huu. Nimeombwa nieleze habari za vijidudu vinavyoleta maradhi. Vijidudu hivyo ni vya namna nyingi na wakati wetu ni mchache. Basi nimechagua kimoja tu, kile cha kipindupindu, maana habari zake zatuhusu sisi na sanduku la fedha la Chama chetu.

Kijidudu hiki ni cha jamaa ya bakteria. Ukikitazama kwa hadubini utaona kimepinda kama alama ya mkato. Kwa udogo wake, maelfu yaweza kukaa katika tone moja la maji, na maji hayo yakaonekana safi, hayana harufu wala ladha mbaya. Kwa hiyo jicho si hakimu wa maji.

Njia yake ya kuingia mwilini ni kinywa. Hutoka katika kinyesi cha mtu, kikafika majini, chakulani au mikononi, kisha mwingine akakimeza. Kikifika katika utumbo mwembamba hujishikiza ukutani na kutoa sumu. Mwaka 1959 tabibu Sambhu Nath De wa Calcutta, Bara Hindi, alionyesha kazi ya sumu hiyo: huufanya utumbo umwage maji na chumvi za mwili kama mfereji uliopasuka. Mgonjwa huhara maji yanayofanana na maji yaliyooshea mchele, hutapika, macho hudidimia, misuli hukaza. Mtu aliyeamka na nguvu zake aweza kufa kabla ya usiku. Natuelewe vizuri hapa: kinachomwua ni kukaukiwa na maji.

Tena, wengi wanaokimeza kijidudu hiki hawaugui hata kidogo, lakini hukitoa chooni kwa siku kadhaa. Kwa hiyo haifai kuinyoshea kidole nyumba ya mgonjwa peke yake. Kila mji wapaswa kuwa na choo, hata mji usio na mgonjwa.

Huenda mzee mmoja akaniuliza, “Mbona baba zetu walikunywa maji ya mto wakaishi?” Swali hilo ni la haki. Walioishi ndio waliotusimulia, waliokufa hawakusimulia. Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kiliingia Unguja, na hadi 1870 kiliua watu kwa maelfu. Tabibu James Christie, aliyekuwa huko, aliandika kitabu kilichochapishwa 1876, akaonyesha jinsi maradhi yalivyofuata njia za misafara na za vyombo vya baharini. Popote alipokwenda msafiri, kijidudu kilikwenda naye.

Zamani hizo wengi, hata wataalamu wa Ulaya, waliamini kwamba maradhi haya huletwa na hewa mbaya. Aliyewapinga ni tabibu John Snow. Mwaka 1854 watu zaidi ya 500 walikufa kwa muda wa siku 10 hivi katika sehemu moja ya London. Snow alizunguka nyumba za wafiwa akiuliza: maji mlichota wapi? Akaona kwamba wengi wa waliokufa walikunywa maji ya pampu ya Broad Street. Wafanyakazi wa kiwanda cha pombe kilichokuwa karibu, wasiotumia pampu hiyo, walisalimika. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa. Baadaye iligunduliwa kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa likivujia kisimani, na ndani yake yalikuwa yamemwagwa maji yaliyofulia nepi za mtoto mgonjwa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1884, Robert Koch, Mjerumani, alikitenga kijidudu chenyewe akiwa Calcutta.

Mwaka 1961 wimbi jipya lilianza Sulawesi, katika Indonesia. Likafika Kenya mwaka 1971, na tangu hapo limekuwa likirudi. Oktoba 2022 liliripotiwa tena nchini mwetu. Hii si hadithi ya kale.

Lakini mwaka huo huo wa 1971 ulileta pia habari njema. Katika kambi ya wakimbizi huko Bangaon, Bara Hindi, maji ya kutundika mishipani yalikwisha. Tabibu Dilip Mahalanabis akawapa wagonjwa maji yaliyotiwa chumvi na sukari wanywe, na vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Sababu yake ni hii: sukari huichukua chumvi kupita ukuta wa utumbo, na chumvi huyavuta maji. Pakiti za dawa hiyo hutolewa zahanatini. Ikikosekana pakiti, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mgonjwa anywe kidogo kidogo huku akipelekwa hospitali bila kukawia.

Bwana Mwenyekiti, Chama chetu chasifiwa kwa kuzika. Mwanachama akifa mjini, twachanga, twanunua jeneza, twamfikisha kwao. Desturi hiyo ni njema, nami siombi iachwe. Ila naona uchungu kwamba mchango wetu hufika upesi kwa maiti kuliko kwa mwenye kiu.

Basi naleta mashauri matatu. Kwanza, sehemu ya fedha za kila mwaka itengwe kwa ajili ya visima vya nyumbani: vijengewe ukingo, vifunikwe, na viwe mbali na vyoo, mita 30 au zaidi. Pili, likitokea tanzia la kipindupindu, maiti aoshwe kwa maagizo ya maofisa wa afya, na waliomshika wasiguse chakula cha matanga. Sabuni na maji viwekwe mlangoni. Tatu, kila mama na kila baba ajue kipimo cha chumvi na sukari, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Shauri la pili ni zito, maana lagusa heshima ya wafu. Ndiyo sababu nalileta kwa wazee. Neno la ofisa husikiwa siku ile aliyokuja. Neno la mzee hukaa nyumbani. Mkisema ninyi kwamba kunawa mikono matangani si dharau kwa marehemu, vijana watanawa.

Naliacha jambo hili mikononi mwenu mlijadili na kuliamua.