Jinsi Mgomba Unavyojilinda na Maradhi

(Haya ndiyo maneno ya hotuba ya Bwana Shamba kwa wakulima waliokusanyika barazani, magharibi ya Kenya.)

Nimeombwa nieleze habari za mnyauko wa migomba, ugonjwa ambao wengi wenu mwaujua kwa kuwa umekwisha kuingia mashambani mwenu. Lakini sitaanza na ugonjwa. Nitaanza na mgomba wenyewe, kwa maana asiyejua nguvu ya mwenzake na udhaifu wake hawezi kumsaidia vitani.

Watu wengi hudhani kwamba mmea hauna ulinzi wo wote. Sivyo. Ni kweli kwamba mgomba hauna miguu ya kumkimbia adui, wala hauna damu kama yetu, yenye chembe zinazozunguka mwilini kuwinda vijidudu. Lakini udongoni, majini na hewani wamo bakteria wasiohesabika, na hata hivyo migomba iliyo mingi husimama mizima. Basi ni dhahiri kwamba ipo kinga.

Kinga ya kwanza ni ukuta. Jani la mgomba limefunikwa kwa nta, na ndiyo sababu matone ya mvua huteleza juu yake. Ndani ya nta hiyo, kila chembe hai ya mmea, yaani kila seli, ina ukuta wake. Bakteria hawana nguvu ya kutoboa ngozi hii kama zifanyavyo kuvu nyingine. Hawana budi kutafuta mlango, nayo milango ni ya namna mbili: vitundu vidogo sana ambavyo jani hupumulia, na vidonda.

Kinga ya pili ni kufunga mlango. Mwaka 2006 wataalamu wa chuo kikuu kimoja katika jimbo la Michigan, Marekani, walionyesha jambo la ajabu. Walitumia mmea mdogo ulio wa jamaa moja na kabichi. Bakteria walipowekwa juu ya jani, vitundu vile vilifungwa katika muda wa saa moja hivi, kana kwamba bawabu amewaona wageni wabaya. Lakini baada ya saa tatu hivi bakteria wenye hila walitoa sumu yao, wakavifungua tena. Hapo twaona kwamba mmea na maradhi hushindana kwa akili, si kwa nguvu tu.

Kinga ya tatu imo ndani. Kila seli ni askari wa nafsi yake. Ina uwezo wa kutambua vipande vya mwili wa bakteria, na ikivitambua huongeza unene wa ukuta wake na kutengeneza sumu za kumwua adui. Adui akizidi kuingia, seli iliyoshambuliwa hujiua yenyewe pamoja na jirani zake, ili bakteria wabaki katika mahali palipokufa, wasiweze kuendelea. Ni kama watu wanaochoma majani mbele ya moto wa msitu ili moto ukose cha kula. Kisha sehemu ile hupeleka habari kwa majani mengine yajiweke tayari. Katika habari hizo imo dawa ambayo mmea huitengeneza wenyewe, nayo ni jamaa ya aspirini ile tunayomeza kwa maumivu ya kichwa.

Sasa mtaniuliza: Ikiwa mgomba una kinga hizi zote, mbona wafa kwa mnyauko?

Jibu ni hili. Bakteria wa mnyauko, ambao wataalamu huwaita Xanthomonas, wanazo silaha ndogo mfano wa sindano. Kwa hizo huingiza ndani ya seli vitu vya kuwapumbaza walinzi, na kabla mgomba haujazinduka, wamekwisha kufika katika mishipa ya maji. Wakifika hapo huzaana mpaka mishipa huziba. Ndipo majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukiipasua waona ndani rangi ya kutu. Ukikata shina, hutoka usaha wa manjano. Katika migomba tunayolima hatujapata bado aina inayoushinda ugonjwa huu kabisa. Upo mgomba wa mwituni wa Asia, wenye ndizi zilizojaa mbegu, ambao huweza kuustahimili, lakini ndizi zake si chakula chetu.

Ugonjwa huu si wa jana. Mwaka 1968 ulielezwa na wataalamu katika nchi ya Ethiopia, ulipoonekana katika ensete, mmea unaofanana na mgomba, na mwaka 1974 ukaelezwa katika migomba ya huko. Mwaka 2001 ulionekana Mukono, Uganda, na mwaka 2006 ukagunduliwa huku kwetu magharibi ya Kenya.

Wataalamu hawakulala. Huko Uganda walichukua kutoka katika pilipili hoho chembe za urithi zinazoharakisha kazi ya walinzi niliowataja, wakazitia katika migomba, na tangu mwaka 2010 wakaijaribu katika shamba la Kawanda lililolindwa. Baadhi ya migomba hiyo haikuugua kabisa. Hiyo ni kazi ya majaribio, wala haimfai mkulima kukaa na kuingojea.

Basi yatupasa kushika neno moja: nguvu ya mgomba iko mlangoni. Adui akiwa nje, mgomba humshinda. Akiisha kuingia katika mishipa, mgomba hushindwa. Na mlango ulio mkubwa kuliko yote hufunguliwa na sisi wenyewe kwa panga. Kikulacho ki nguoni mwako. Panga lililokata mgomba mgonjwa, likipita katika mgomba mzima bila kusafishwa, huwapeleka bakteria moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba.

Mlango wa pili ni ua dume, ule moyo mwekundu uning'iniao mwisho wa mkungu. Maganda yake yaangukapo huacha makovu mabichi, na nyuki na nzi wanaofuata utamu huleta bakteria hapo. Ndiyo sababu Kayinja, ndizi ya pombe na maji matamu, huugua upesi sana, na aina nyingine ambazo maganda yake hayaanguki huepuka njia hiyo.

Kwa hiyo nawaomba mfanye haya. Kwanza, chane ya mwisho ikiisha kutokea, vunjeni ua dume kwa kijiti chenye panda, wala si kwa kisu. Pili, kila mkitoka mgomba mmoja kwenda mwingine, lichomeni panga motoni mpaka lisishikike, au lioshwe kwa dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo. Tatu, mkiona shina lenye ugonjwa, likateni mara moja usawa wa ardhi, kisha pitieni shamba kila juma. Msing'oe shina zima na machipukizi yake kwa hofu, kwa kuwa bakteria hawafiki katika machipukizi yote, na mengi huweza kupona. Nne, msichukue wala kumpa mtu miche kutoka shamba lililougua, hata kama miche yaonekana mizuri.

Kazi hii haifai kufanywa na mtu mmoja. Mwenye shamba safi aliyezungukwa na majirani wazembe hatakaa na usafi wake muda mrefu, kwa maana nyuki hajui mpaka. Mgomba ndio chakula cha watoto, na mkungu unaouzwa sokoni ndio karo ya shule. Mmea huu umepewa kinga yake, nao hupigana usiku na mchana bila kutuomba msaada. Tusiufungulie adui mlango. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.