Leithi Ndogo: Kuifunga Mezani Bila Kuipinda

Leo tunazungumza juu ya mashine ya kukereza chuma, ile mafundi wanaita leithi, na jinsi ya kuifunga juu ya meza ya kazi. Kuna watakaosema, "Kuifunga tu? Si ni bolti nne!" Naam, ni bolti nne, na ndizo hizo zinazoharibu mashine nzuri.

Tufikirie kazi inayoletwa. Kutoka Bahati, Subukia, Njoro hata Molo, watu wana posho mill, mashine za kukatia ng'ombe majani, pampu za maji. Shafti ikiisha, inatafutwa leithi. Sasa, beringi nambari 6205 ina tundu la milimita 25. Shafti ikitoka 25 upande mmoja na 24.9 upande mwingine, beringi inacheza, inashika moto, na kabla mwezi haujaisha mwenye posho mill yuko mlangoni kwenu, naye ameacha akina mama kwenye foleni na mahindi yao. Safari nyingine atapeleka kazi mjini. Na mashine yenyewe mlinunua kwa michango ya wanachama.

Kitanda cha leithi kinaonekana kigumu kama reli. Lakini mguu mmoja ukiwa na nafasi chini yake, unene wa karatasi tu, ukikaza bolti unavuta kitanda kiinamie ile nafasi. Kinajikunja kama kitambaa kinachokamuliwa, kidogo sana, jicho halioni. Kisu ndicho kinaona.

Kwa hivyo tuanze na meza. Mbao za saipresi ambazo hazijakauka ni matatizo: zinavimba wakati wa mvua za Machi mpaka Mei, kisha zinajikunja kiangazi. Heri meza ya vyuma vya engo vilivyochomelewa, na miguu yake ishikwe na konkriti. Sakafu nayo ishindiliwe mawe kwanza, maana huku kwetu Nakuru udongo mwingi ni majivu ya volkano, na maji yakipita chini unatitia. Mkiinua mashine, msishike kwenye chaki wala kwenye skrubu ndefu ya mbele. Shikeni kitanda.

Ikishakaa mezani, msikaze chochote. Pitisheni kipande cha karatasi chini ya kila mguu. Kikipita, hapo pana nafasi. Ijazeni kwa vibati vyembamba mpaka miguu yote minne ikalie meza. Bati la mkebe wa soda linafaa sana, lina unene wa karibu milimita 0.1. Ndipo mkaze bolti kidogo kidogo, kwa zamu.

Wengi wanauliza habari ya pima-maji. Ni kweli husaidia: ilaze kukingama kitanda karibu na kichwa, halafu karibu na mkia, uone kama inasema neno moja pande zote mbili. Lakini pima-maji ya mwashi haioni mambo madogo hivi. Tena si lazima mashine ilale sawa kabisa na maji. Kuna leithi zinafanya kazi ndani ya meli baharini! Lililo lazima ni kitanda kisijikunje.

Ushahidi wa kweli ni chuma. Shikeni kwenye chaki nondo nene ya milimita 30 hivi, itokeze milimita 150, bila kuiegemeza kwenye mkia. Punguzeni katikati, mbaki na pete mbili, moja karibu na chaki na nyingine nchani. Kisha kateni zote mbili kwa mpito mmoja mwepesi, bila kugusa gurudumu la kuingiza kisu. Pimeni kwa maikromita. Pete ya nchani ikiwa nene zaidi, ongezeni kibati chini ya mguu wa mbele, ule wa upande wa fundi, kule kwenye mkia. Ikiwa nyembamba zaidi, kibati kiende mguu wa nyuma, huko huko kwenye mkia. Kateni tena, pimeni tena. Tofauti ikibaki 0.01 au 0.02, inatosha kwa kazi zetu.

Hapo ndipo mnaweza kugusa mkia wenyewe. Mafundi wengi huanza na mkia kwa sababu ni rahisi kuusogeza, na hapo wanaficha ugonjwa: shafti ndefu inatoka sawa, lakini kazi fupi ya chaki inatoka kama karoti.

Ile nondo ya majaribio msiitupe. Andikeni vipimo na tarehe katika daftari la kikundi, mrudie baada ya wiki moja, halafu kila mvua ndefu zikiisha. Na jioni futeni kitanda, pakeni oili, mfunike kwa turubai, kwani vumbi la hapa linakwaruza chuma kama msasa.