Pua Iliyoziba Isimalize Mfuko

Msikilizaji, kuamka kila siku kwa chafya, pua ikiwasha na kuvuja, si jambo dogo. Mafua ya mzio humnyima mtoto usingizi na kumpunguzia mfanyakazi nguvu.

Habari njema ni kwamba nafuu haihitaji mashine ya gharama. Ya kwanza iko jikoni: robo hadi nusu kijiko cha chai cha chumvi katika mililita 240 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Yakipitishwa puani, huosha vumbi na chavua. Lakini maji yasitoke moja kwa moja bombani wala kisimani, kwani huweza kubeba vijidudu vya hatari.

Ya pili ni dawa ya kupuliza puani. Budesonaidi, kwa mfano, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hutumiwa kila siku, na nafuu kamili huweza kuchukua wiki mbili. Wengi huiacha mapema, pesa zikapotea bure. Inamisha kichwa kidogo, kisha elekeza ncha ya chupa upande wa sikio, si kwenye ukuta wa kati wa pua.

Matone ya kuzibua pua yasizidi siku tano. Yakizidi, pua huziba upya.

Ukifika duka la dawa, usiulizie jina la kampuni. Mwulize mfamasia dawa yenye kiambato hichohicho kwa bei nafuu. Hiyo ni haki yako.