Kiungo Kilicho Chini ya Rangi
(Mazungumzo na wanunuzi wa Manyoni)



Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho wengi wenu hamkinunui wenyewe, lakini mnakilipia kila mnapoagiza geti, kichanja cha tangi la maji au mkokoteni wa ng'ombe. Ni kijiti cha kuchomelea, ambacho mafundi hukiita rodi, pamoja na ndugu yake, waya wa kuchomelea. Mnunuzi hupima unene wa bomba na kusifu rangi. Kiungo chenyewe hakioni, kwa kuwa rangi imekwisha kukifunika.

Kwenye pakiti ya rodi huandikwa namba, kwa mfano E6013 au E7018. Tarakimu mbili za mwanzo hueleza nguvu: chuma cha rodi ya kwanza kinapaswa kuhimili mvuto usiopungua pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba, na cha pili pauni 70,000. Waya wa kawaida wa chuma cha kaboni huandikwa ER70S-6. Namba kubwa si lazima iwe bora kwenu. Kwa grili ya dirisha 6013 yatosha kabisa, na fundi anayewatoza zaidi kwa ajili ya 7018 hapo hawafanyii hisani yoyote.

Hatari iko kwenye ekseli. Mikokoteni mingi hutengenezwa kwa ekseli kuukuu za magari, na ekseli si chuma laini kama bomba la geti. Ina kaboni nyingi zaidi, au imechanganywa na kiasi kidogo cha metali nyingine kama kromiamu. Chuma cha namna hiyo kikichomewa kikiwa baridi, sehemu iliyo kando ya kiungo hupoa upesi, ikawa ngumu na yenye kukatika. Rodi ikiwa na unyevu, haidrojeni huingia humo na kufungua ufa, pengine saa nyingi baada ya kazi kwisha. Ndiyo maana mkokoteni hutoka karakanani ukiwa mzima, kisha ukakatika siku ya pili ukiwa na magunia, kwenye mteremko wa Saranda, na watu wakiwa mbele yake.

Kazi hiyo yataka rodi yenye haidrojeni kidogo, kama 7018, iliyo kavu. Chuma kipashwe moto kwanza, kisha kiachwe kipoe polepole. Springi iliyokatika, kwa maoni yetu, ibadilishwe, isiungwe.

Kiangazi kirefu cha hapa kisiwadanganye. Pakiti ya 7018 ikishafunguliwa hutakiwa kutunzwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 120 hivi za Selsiasi, na rodi zilizopata unyevu hukaushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 250. Kuzianika juani hakutoshi. Tanuri ni gharama kwa karakana ndogo, na ni haki fundi aiingize katika bei yake, mlipeni.

Waya nao hulindwa na gesi wakati wa kuchomelea. Upepo wa Singida mnaujua: katika yadi isiyo na kizuizi huipeperusha gesi hiyo, na kiungo kikabaki na vitundu kama sifongo. Waya wenye kutu ukataeni.

Basi, kabla ya kazi ombeni kuiona pakiti, na patana na fundi asipake rangi mpaka mmekagua. Tazameni vitundu, mfereji ulioliwa kando ya kiungo, na ganda lisilogongwa likatoka. Nyufa za ndani jicho halizioni, kwa hiyo aina ya rodi iandikwe kwenye risiti.

Mkiitilia shaka rodi yenyewe, tuleteeni sisi wa Shirika la Viwango pamoja na pakiti yake; Sheria ya Viwango Na. 2 ya 2009 yatupa uwezo wa kuipima. Mkokoteni ukikatika, kipande kilichovunjika msikipeleke kwa fundi mwingine akiunge upya kabla hakijaonwa. Sura ya mvunjiko huonyesha ufa ulianzia wapi, na moto wa pili huifuta.