SOMO LA UMEME: TUACHE NAFASI YA KESHO

Leo tuingie katika duka moja pale Dumila, kwenye njia panda ambapo barabara ya Kilosa huachana na ile ya Morogoro na Dodoma. Mwenye duka anataka kutiwa umeme. Je, fundi afunge waya wa unene gani?

Kwanza tuhesabu vyombo. Taa tano za wati 10 ni wati 50. Friji moja wati 150. Pasi wati 1,000. Jumla ni wati 1,200. Gawanyeni kwa volti 230, mtapata ampea 5 na kidogo. Waya mwembamba wa taa, wa milimita moja na nusu za mraba, waweza kuzibeba.

Lakini mwakani mwenye duka atanunua birika la umeme la wati 2,000. Sasa jumla ni wati 3,200, yaani ampea 14. Waya ule umefika mwisho wa nguvu zake. Utapata joto ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana, na nyumba yaweza kuungua.

Basi tuongeze robo: 14 na robo yake ni 17 na nusu. Waya wa milimita mbili na nusu za mraba, ambao ukifungwa vizuri hubeba kama ampea 20, utatosha. Bei yake imezidi kidogo, lakini kubomoa ukuta ni ghali zaidi. Bomba la waya nalo liwe pana, na bodi ibakizwe nafasi mbili tupu.

Hata mitambo mikubwa hukuzwa hivyo. Kituo cha Kidatu, katika mkoa huuhuu wa Morogoro, kilianza mwaka 1975 kwa mashine mbili za megawati 51 kila moja. Mwaka 1980 zikaongezwa mbili, ikawa megawati 204.

Lakini shikeni neno hili: nafasi huachwa katika waya, si katika fyuzi. Fyuzi ni mlinzi wa waya. Ikikatika mara kwa mara, msiweke kipande cha waya mnene mahali pake; hapo mmemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango. Mwiteni fundi mwenye leseni.

Swali la kikundi chenu: nyumbani kwenu mtaongeza chombo gani miaka mitano ijayo, na waya wenu utakibeba? Kwaherini.