Makongamano Mengi, Maswali Machache



Julai 17, 1959 Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus kule Olduvai. Mwezi uliofuata mumewe, Louis, alilibeba hadi Leopoldville, Kinshasa ya leo, kwenye kongamano la wataalamu wa historia ya kale ya Afrika. Wenzake wakaliona kwa macho yao. Jina alilolipa halikudumu, lakini fuvu lilikuwa mezani, na mwenye shaka alikuwa na kitu cha kukitilia shaka.

Siku hizi mialiko ya makongamano inamiminika kwenye barua pepe hata kwa mtu asiyejulikana nje ya idara yake. Mwaka 2016 Christoph Bartneck, mhadhiri wa New Zealand, alitunga makala ya kongamano la fizikia ya nyuklia kwa maneno yaliyopendekezwa na simu yake. Haikuwa na maana yoyote. Ilikubaliwa ndani ya saa tatu, akatakiwa alipe ada ya dola 1,099. Machi 2019 mahakama ya Marekani iliiamuru kampuni ya OMICS ya India kulipa zaidi ya dola milioni 50. Kosa lake mojawapo ni kutangaza makongamano kwa majina ya wanazuoni ambao hawakuwa wamekubali kushiriki.

Matapeli hao hawaninyimi usingizi sana. Naogopa zaidi makongamano yetu halali. Mgeni rasmi anachelewa, hotuba zinarefuka, mtafiti aliyefanya kazi miaka miwili anapewa dakika kumi, kisha mshereheshaji anatangaza kwamba maswali tutaulizana kwenye chai. Kwenye chai tunaulizana habari za posho. Cheti cha ushiriki kinatolewa hata kwa aliyeshinda sokoni.

Chukueni suala la zebaki. Mkataba wa Minamata wa kuidhibiti ulipitishwa mwaka 2013, ukaanza kutumika 2017, nasi Tanzania tukauridhia 2020. Zebaki imeandikiwa mada nyingi za makongamano, na nyingi zinahitimisha kwamba mchimbaji mdogo anahitaji elimu. Mpelekeni mwandishi wa mada kama hiyo mwaloni hapa Segese. Atamkuta mtu anakamua mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwa kitambaa, kisha anauchoma kwenye moto wa wazi. Amuulize kwa nini hatumii chombo cha kunasa moshi. Atajibiwa kwamba humo ndani dhahabu haionekani, na washirika wanaogawana wanataka kuiona. Tena mara nyingi zebaki yenyewe ameletewa na mnunuzi, kwa sharti la kumuuzia yeye. Hapo tatizo linageuka kuwa la mkopo na kuaminiana, na ile mada inabidi iandikwe upya.

Kwa hiyo napendekeza mada yoyote inayowahusu wachimbaji isomwe kwanza huku, kwa Kiswahili, na pale inapobidi kwa Kisukuma, nusu ya muda ikiwa ya maswali. Waandaaji nao watangaze wamekataa ikisiri ngapi. Kongamano lisilokataa hata moja linakusanya ada tu. Fedha za mikoba yenye nembo zilipe nauli ya wachimbaji wawili kwenda Mwanza au Dodoma, waketi mbele. Na swali litakalomshinda mtafiti hapa lijibiwe kwa maandishi, nakala ibaki ofisi ya kata.