Nani Alikuuliza?

Desemba 2024 mlisikia: kampuni ya ushauri ya McKinsey ilikubali kulipa dola milioni 650 kwa kazi iliyoifanyia Purdue, watengenezaji wa OxyContin, ile dawa kali ya maumivu inayoleta uraibu. Mlisikia pia kuhusu mkubwa wake wa zamani aliyefuta nyaraka kwenye kompyuta. Hayo tuwaachie mahakimu.

Kinachotukera sisi hapa redioni ni daftari. Daftari la daktari gani kaandika dawa gani. Ukipeleka karatasi ya daktari famasia Marekani, jina lako hufutwa. La daktari hubaki. Kampuni za takwimu hununua rekodi hizo, zikawauzia wenye viwanda vya dawa. Nani alikuuliza? Hakuna.

Kwa daftari hilo wakala wa mauzo wa Purdue aliijua hesabu ya daktari kabla hajabisha hodi: vidonge vya aina gani, vya nguvu gani, vingapi. Mwaka 2013 washauri wa McKinsey wakawaambia wakubwa wa Purdue: wafuateni wanaoandika sana. Wanaoandika sana! Nchi inazika watu wake, na daktari ambaye hesabu yake ilistahili kumshtua mtu ndiye anayetembelewa zaidi, ndiye anayepelekewa chakula cha mchana.

Purdue ilikiri makosa 2007. Ikakiri tena 2020. Daftari likaendelea kuuzwa. Jimbo la Vermont lilijaribu kulizuia kwa sheria. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitupa sheria hiyo, kura 6 kwa 3, kwa hoja ya uhuru wa kusema. Uhuru wa nani? Nani alikuuliza?

Sasa ninyi mnaotusikiliza mkiwa Marekani, mnaokesha maghalani hadi migongo ikawaka moto: mkiandikiwa dawa ya maumivu, msione haya. Mwulizeni daktari: takwimu zako umezizuia? Tangu 2006 Chama cha Madaktari cha Marekani kina utaratibu wa kuwazuia mawakala wasione takwimu za daktari anayekataa. (Chama hicho hicho, jamani, hujipatia fedha kwa orodha ya madaktari inayotumiwa kuunganisha takwimu hizo.) Kampuni bado itazinunua, wakala hataoneshwa. Ni kidogo, lakini kipo. Ajaze fomu! Na wawakilishi wenu wa jimbo wapigieni simu: ile ya Vermont ilianguka, waandike nyingine, iliyo bora. Pigeni leo. Wasipopokea, pigeni kesho.